Barolo au Brunello: chupa ipi uinunue, na uifungue lini

Mtu aliyeweka akiba ya kununua chupa moja nzuri ya mvinyo mwekundu wa Italia hufika mahali akalazimika kuchagua kati ya majina mawili: Barolo na Brunello di Montalcino. Bei zake zinakaribiana. Chupa zote mbili zina ukanda wa karatasi wa serikali wenye namba, umebandikwa shingoni. Muuzaji akiulizwa ipi bora, hujibu kwamba zote ni bora, na hasemi uongo. Lakini jibu hilo halimfai mnunuzi, kwa sababu mivinyo hii miwili haifanani mdomoni, haitaki chakula kimoja, wala haikomai kwa wakati mmoja.

Anayefungua Barolo changa kwenye sherehe ya Jumamosi huishia kukunja uso. Ukakasi wake hushika ulimi na fizi kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Wageni husogeza glasi pembeni, na mwenye shughuli hubaki akiamini kwamba sifa za mvinyo ule ni maneno ya matajiri tu. Huwa inaniuma nikisikia hivyo, maana chupa ile ile ikiachwa ilale miaka sita zaidi ingekuwa kati ya vitu vizuri kuliko vyote ambavyo mkono wa binadamu umewahi kutoa kwenye zabibu.

Basi nauweka msimamo wangu mezani mapema. Anayeanza, na atakayeifungua chupa ndani ya mwaka huu, achukue Brunello. Mwenye subira na mahali pa baridi pa kuihifadhi achukue Barolo, na mimi mwenyewe niko upande huo: hakuna mvinyo ninaoupenda kuliko Barolo iliyokomaa ya kijiji cha Serralunga. Sababu za yote mawili zinaanzia ardhini.

Ardhi na hali ya hewa

Barolo hutoka Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, kwenye vilima vya Langhe karibu na mji wa Alba, katika mkoa wa Cuneo. Milima ya Alpi inaonekana siku zikiwa safi, theluji ikiwa juu yake. Mto Tanaro unapita chini, na vuli ikiingia ukungu hujaa mabondeni asubuhi hadi jua lipande. Sheria inaruhusu zabibu za Barolo zitoke katika wilaya ndogo 11 tu, na kati ya hizo, tano ndizo zinazotoa sehemu kubwa: La Morra, Barolo yenyewe, Castiglione Falletto, Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba. Kijiji cha Barolo kina watu mamia tu. Unaweza kukizunguka chote kwa miguu kabla chai yako haijapoa.

Brunello hutoka Toscana, katikati mwa Italia, na hutoka mahali pamoja tu: wilaya ya Montalcino, kama kilomita 40 kusini mwa Siena. Ni kilima kikubwa kilichozungukwa na mito ya Orcia, Asso na Ombrone. Upande wa kusini umesimama Mlima Amiata, wenye urefu wa mita 1,738, ambao huzuia dhoruba na mvua ya mawe. Upepo wa Bahari ya Tirreno hufika mpaka pale na kukausha mashamba baada ya mvua. Karibu nusu ya eneo la Montalcino ni msitu, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kwamba jina kubwa namna hiyo lazima liwe limefunika nchi nzima kwa mizabibu.

Kwa ufupi, Montalcino ni pakavu na pana joto zaidi kuliko Langhe, na hilo peke yake linaeleza mengi. Montalcino zabibu huvunwa kwa kawaida mwezi wa Septemba. Langhe wavunaji mara nyingi husubiri Oktoba, wakitazama mawingu kwa wasiwasi, maana mvua ya wiki moja inaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima.

Zabibu mbili zenye tabia tofauti

Barolo hutengenezwa kwa zabibu aina ya Nebbiolo pekee. Brunello hutengenezwa kwa Sangiovese pekee. Sheria ya kila upande hairuhusu kuchanganya hata tone la zabibu nyingine, na hapo ndipo mivinyo hii miwili inapofanana kwa dhati: yote miwili imekataa msaada.

Nebbiolo ni zabibu ngumu kulimwa. Huchipua mapema, kwa hiyo jalidi ya majira ya kuchipua huweza kuiua, na huiva mwisho kabisa, kwa hiyo mvua ya vuli huikuta bado mtini. Hutaka mteremko unaotazama kusini, na wazee wa Langhe waliipanda mahali ambapo theluji huyeyuka mapema kuliko pengine. Imepelekwa Marekani, Australia na kwingineko, lakini ni nadra sana kukuta inafanya huko inayoyafanya Langhe. Sangiovese ni mwenyeji wa karibu Toscana nzima. Ndiyo inayobeba pia Chianti, mvinyo mwingine wa Toscana. Tofauti ni kwamba Chianti inaruhusiwa kuchanganywa na zabibu nyingine, ilhali Montalcino inasimama peke yake, na joto la kilima kile huiivisha mpaka ikawa na mwili wa kutosha kusimama hivyo.

Rangi ya Barolo huwadanganya watu. Ukiinua glasi, unaona wekundu mwepesi, karibu kupitisha mwanga, na mvinyo ukizeeka pembeni hugeuka rangi ya tofali. Anayehukumu kwa macho atadhani ni mvinyo dhaifu. Kisha anaonja, na tanini, yaani vitu vya zabibu vinavyoleta ukakasi ule, zinamkamata. Nebbiolo ina tanini nyingi na uchachu mkubwa kwa wakati mmoja, na vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoiwezesha kuishi miongo kadhaa chupani. Harufu yake ndiyo iliyoniteka mimi: waridi lililokauka, cheri, viungo, na chini yake kitu kama lami ya barabarani ikipigwa na jua. Nikieleza hivi watu hucheka, kwa nini mtu alipe fedha nyingi anuse lami? Lakini waridi na lami vikikaa pamoja katika glasi moja, vinatoa harufu ambayo hakuna zabibu nyingine inayoitoa, na inabadilika kila dakika 20 jioni nzima.

Brunello ina wekundu uliokolea zaidi, na harufu yake ni ya moja kwa moja: cheri zilizoiva, ngozi, tumbaku, majani makavu, udongo baada ya mvua. Tanini zipo, na si haba, lakini zina umbo la duara zaidi. Haikupigi. Inakukaribisha, halafu baada ya glasi ya pili ndipo unapotambua kwamba ilikuwa na nguvu kiasi gani. Mivinyo yote miwili siku hizi hufika asilimia 14 ya kilevi au zaidi, kwa hiyo inywewe pamoja na chakula, taratibu.

Kwa msomaji wa Tanzania aliyezoea mvinyo mwekundu mtamu, wa aina inayopendwa sana Dodoma, niseme wazi: hakuna sukari hapa. Mivinyo hii ni mikavu kabisa. Usinunue yoyote kati ya hii ukitarajia utamu, utasikitika.

Historia: mkongwe na kijana

Barolo tunayoijua leo ilizaliwa karne ya 19. Kabla ya hapo mvinyo wa Nebbiolo mara nyingi ulibaki na utamu, kwa sababu baridi ya Novemba ilisimamisha uchachukaji kabla sukari haijaisha. Aliyechangia sana kubadilisha hali hiyo ni mwanamke, Giulia Colbert, mzaliwa wa Ufaransa aliyeolewa katika ukoo wa Falletti, wenye kasri la Barolo. Camillo Cavour, ambaye baadaye angeongoza kuungana kwa Italia, alikuwa meya wa Grinzane katika vilima hivyo hivyo na alishughulikia mizabibu ya familia yake. Mfalme Vittorio Emanuele II alikuwa na shamba la Fontanafredda, Serralunga. Basi mvinyo ule ukakaa mezani kwa wafalme tangu mwanzo, na sifa hiyo haijauacha.

Brunello ni kijana ukiilinganisha. Hadithi yake kwa muda mrefu ilikuwa hadithi ya ukoo mmoja, Biondi Santi, kwenye shamba la Il Greppo. Clemente Santi alianza kutengeneza mvinyo bora wa Sangiovese, na mjukuu wake, Ferruccio Biondi Santi, akateua mizabibu mizuri na kuweka chupani mavuno ya 1888, ambayo bado yanatajwa na wapenzi wa mvinyo. Lakini Montalcino yenyewe ilikuwa maskini hadi miaka ya 1960. Chama cha wazalishaji kiliundwa mwaka 1967, wazalishaji wakiwa wachache mno. Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1970, pale ndugu wawili wa Marekani, John na Harry Mariani, walipoanzisha Banfi na kuifungulia Brunello soko la Marekani. Leo Brunello inatoa mamilioni ya chupa kwa mwaka.

Yote miwili ilipata hadhi ya DOC, cheo cha kisheria cha mvinyo wa mahali maalumu, mwaka 1966, na mwaka 1980 ikawa miongoni mwa mivinyo ya kwanza kabisa kupewa DOCG, daraja la juu katika sheria ya mvinyo ya Italia. Kwa hiyo anayekuambia mmoja una cheo kuliko mwingine hana hoja.

Muda wa pipani, kisheria

Barolo hulazimika kukaa miezi 38 kuanzia tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, na angalau miezi 18 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa. Brunello haiwezi kuuzwa kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, na angalau miaka miwili iwe pipani. Chukua mavuno ya 2020: Barolo iliruhusiwa kuuzwa Januari 2024, Brunello Januari 2025. Zile zenye neno Riserva kwenye lebo, yaani zilizohifadhiwa muda mrefu zaidi, za pande zote mbili, ni Januari 2026.

Mnunuzi ajue jambo moja hapa. Sheria inakuambia lini mvinyo unaweza kuuzwa, haikuambii lini umekomaa. Brunello hufika dukani ikiwa imekaa mwaka mmoja zaidi, na zabibu yake ni laini zaidi, hivyo pengo kati ya siku ya kununua na siku ya kufurahia ni fupi. Kwa Brunello ya kawaida, mimi hushauri ifunguliwe kuanzia mwaka wa saba au wa nane baada ya mavuno, na hata mapema kidogo haitakuudhi. Kwa Barolo, mwaka wa kumi ndio naanza kuiamini. Zile za Serralunga na Monforte zinataka zaidi.

Kusoma lebo

Upande huu Barolo inashinda kwa mbali, na pia ndipo inapomchosha mgeni.

Tangu 2010 Barolo ina orodha rasmi ya maeneo 181 yanayoweza kutajwa kwenye lebo: Cannubi, Brunate, Villero, Vigna Rionda, Monvigliero na mengine mengi. Kila jina ni kipande cha ardhi chenye mipaka yake kwenye ramani. Kuna tofauti kubwa ambayo unaweza kuionja bila kuwa mtaalamu. Magharibi, La Morra na sehemu kubwa ya Barolo, udongo ni mfinyanzi wa chokaa wenye rangi ya buluu na kijivu, na mvinyo wake huwa na harufu nyingi na tanini laini, huiva mapema. Mashariki, Serralunga na sehemu kubwa ya Monforte, udongo ni wa zamani zaidi, una mchanga mgumu wa mawe ndani yake, na mvinyo huwa mkali, mzito wa muundo, wa kusubiriwa. Castiglione Falletto iko katikati na huchukua kidogo kutoka kila upande. Ukilijua hili tu, umeshafanya nusu ya uamuzi wako: unataka Barolo ya kufungua mapema, tafuta La Morra au Verduno, unataka ya kumwekea mtoto hadi akue, tafuta Serralunga.

Tahadhari: si kila jina kwenye orodha ni la kuaminiwa kwa uzito uleule. Bussia, kwa mfano, ni eneo kubwa mno, lenye pande nyingi, na mashamba mawili ya humo yanaweza kutoa mivinyo isiyofanana. Jina la mzalishaji ndilo la kwanza kusoma, jina la shamba la pili.

Montalcino haina orodha rasmi kama hiyo. Baadhi ya wazalishaji hutaja shamba lao, kama Altesino anavyoitaja Montosoli, lakini ramani ya kisheria haipo. Hivyo mnunuzi hana budi kujua mzalishaji yuko wapi kilimani. Upande wa kaskazini, kwenye miinuko na baridi, mvinyo huwa mwembamba na wenye harufu ya maua na cheri mbichi. Upande wa kusini, Sant'Angelo in Colle na Castelnuovo dell'Abate, jua ni kali, na mvinyo huwa mnene na wenye matunda yaliyoiva. Mimi hupenda wa kaskazini, lakini ukimkaribisha mtu ambaye hajazoea, wa kusini humfurahisha haraka. Naona ni kasoro kwa mvinyo wa bei hii kutomwambia mnunuzi umetoka upande gani wa kilima, na ningefurahi Montalcino wakikubaliana kuchora ramani yao.

Ugomvi uliowatikisa

Kila upande umepitia msukosuko wake, na misukosuko hiyo bado inaathiri kilicho ndani ya chupa.

Langhe waligombania mapipa. Kwa vizazi vingi Barolo ililala kwenye mapipa makubwa ya mwaloni, yenye maelfu ya lita, baada ya maganda kulowekwa kwa wiki nyingi. Miaka ya 1980 kikundi cha vijana kilianza kufupisha muda wa kuloweka na kutumia mapipa madogo mapya ya Kifaransa ya lita 225, ili mvinyo uwe laini mapema na uuzwe nje. Elio Altare wa La Morra alichukua msumeno wa mashine mwaka 1983 akayakata mapipa ya zamani ya baba yake, na baba akamnyima urithi. Upande wa pili alikuwapo Bartolo Mascarello, mzee aliyeshikilia njia ya zamani mpaka akachora lebo ya kukataa mapipa madogo na kumkataa mwanasiasa Berlusconi kwa pamoja. Leo joto limepungua. Wengi wa vijana wale wamerudi kwenye mapipa makubwa, na wale wa jadi wameboresha usafi na uteuzi wa zabibu. Kwangu ushindi ulikuwa wa mapipa makubwa, kwa sababu mwaloni mpya hufunika harufu ya waridi, na waridi likifunikwa sioni sababu ya kulipa bei ya Barolo.

Montalcino walipigwa na kashfa. Mwaka 2008 waendesha mashtaka walichunguza madai kwamba baadhi ya wazalishaji walikuwa wanachanganya zabibu nyingine, kama Merlot, kwenye Brunello inayotakiwa kuwa Sangiovese tupu. Marekani ikataka uthibitisho kabla ya kuruhusu chupa ziingie. Kulikuwa na sauti zilizosema afadhali sheria ilegezwe. Mwaka 2011 wazalishaji walipiga kura kuhusu mvinyo wao mdogo, Rosso di Montalcino, na wakakataa kuruhusu zabibu za kigeni hata humo. Naliheshimu sana jambo hilo. Soko lilikuwa linadai mvinyo mweusi zaidi na mlaini zaidi, na wao wakaamua kubaki na zabibu yao na rangi yake.

Kisha Desemba 2012 likatokea jambo la kusikitisha zaidi: mtu aliingia usiku kwenye ghala la Gianfranco Soldera, mmoja wa watengenezaji wanaoheshimiwa mno Montalcino, akafungua mabomba ya mapipa. Zaidi ya lita 60,000 zilimwagika, mavuno ya miaka sita mfululizo.

Mezani

Langhe wanakula vyakula vya baridi: nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa masaa ndani ya Barolo yenyewe, tambi nyembamba za mayai ziitwazo tajarin, jibini ngumu za milimani, na vuli ikifika uyoga mweupe wa ardhini wa Alba, unaokwanguliwa juu ya chakula na kuuzwa kwa gramu. Toscana wanachoma: pande nene la nyama ya ng'ombe juu ya makaa, nguruwe mwitu, na jibini ya kondoo ya Pienza, mji jirani.

Hapo tayari una jibu kwa meza ya Afrika Mashariki. Nyama choma, ya mbuzi au ya ng'ombe, yenye chumvi na moshi, ni ndugu wa chakula cha Toscana, na Brunello hukaa nayo vizuri ajabu. Mafuta ya nyama hulainisha tanini, moshi huitikia harufu ya ngozi na tumbaku. Barolo peleka kwenye nyama iliyochemshwa taratibu mpaka ikaacha mfupa, mchuzi mzito usio na nyanya nyingi, au ini, au bata. Pilau ya nyama yenye viungo lakini isiyo kali inaweza kwenda na yoyote, ingawa nimeona Barolo iliyokomaa ikipatana na bizari nzima na mdalasini kuliko nilivyotarajia.

Pilipili kali iwekwe mbali na chupa zote mbili. Pilipili huongeza ukali wa tanini na moto wa kilevi, na fedha yako inapotea. Samaki wa kupaka wenye tui vilevile. Hapo tafuta mvinyo mweupe.

Joto, glasi na muda wa kupumua

Vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe kwenye joto la chumba. Vyumba vilivyokusudiwa ni vya mawe, vya Ulaya, wakati wa vuli. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 29 kitaufanya mvinyo huu unuke kilevi tupu. Weka chupa kwenye friji kabla ya kufungua, uimimine ikiwa kwenye nyuzi 16 hadi 18. Hili ni muhimu kuliko glasi ya bei mbaya.

Uhifadhi ndio unaoamua kama Barolo inakufaa. Ikiwa huna mahali penye nyuzi kama 13 hadi 15, penye giza na pasipotikisika, usinunue Barolo changa kwa nia ya kuisubiri. Miaka minane kabatini katika mji wa pwani itaipika. Aidha nunua iliyokwisha kukomaa kutoka kwa muuzaji mwenye ghala la ubaridi, au uchukue Brunello. Na dukani chunguza chupa: kizibo kikiwa kimesukumwa juu, au kuna alama ya mvinyo uliovuja shingoni, chupa hiyo ilipigwa na joto safarini. Iache hapo hapo.

Barolo changa mimina kwenye jagi la kioo masaa matatu kabla. Brunello saa moja au mbili. Chupa kuukuu sana, za miaka 20 na kuendelea, zisimiminwe mapema. Zisimamishe wima siku nzima ili mashapo yatulie, kisha fungua na unywe kwa utulivu.

Bei, miaka na ndugu wadogo

Kwenye maduka ya Italia, chupa nzuri ya kuanzia ya kila upande hugharimu kati ya yuro 35 na 60 hivi. Juu hakuna mwisho: Monfortino ya Giacomo Conterno au Riserva ya Biondi Santi huuzwa kwa mamia ya yuro. Ushauri wangu mkubwa ni kuhusu chini. Barolo ya bei ya kutupa ipo kwenye maduka makubwa, na mara nyingi ina ukakasi wote wa Nebbiolo bila harufu yake. Fedha hiyo hiyo inunulie Langhe Nebbiolo kutoka kwa mzalishaji mwenye jina zuri la Barolo. Ni zabibu ile ile, mara nyingine kutoka mizabibu michanga ya shamba lile lile, na iko tayari leo. Montalcino ndugu mdogo ni Rosso di Montalcino, Sangiovese tupu, inayouzwa kuanzia Septemba ya mwaka unaofuata mavuno. Ndani ya miezi michache unaweza kuonja wote wawili, Langhe Nebbiolo na Rosso, kwa gharama ya chupa moja ya mkubwa wao, na ulimi wako utakuambia uko upande gani bila kumsikiliza mtu mwingine, hata mimi.

Kuhusu miaka: 2010 na 2016 ni bora sana pande zote mbili, chukua bila kusita ukizipata kwa bei unayoimudu. 2015 ilikuwa na joto na iliipendelea Brunello zaidi. 2013 ni ya Barolo, miongoni mwa zile za kizamani zenye mstari mnyoofu. 2014 ilinyesha mno. Barolo za wazalishaji makini zilinusurika na ni nafuu, Brunello nyingi hazikunusurika. 2017 ilikuwa kavu na ya moto, nzuri kunywa mapema. 2019 naipenda kote.

Kwa majina ya kuanzia, Barolo ya G.D. Vajra ni ya upole na harufu nyingi, Massolino ya Serralunga ina uti wa mgongo, na Oddero wa La Morra hutengeneza kwa njia ya jadi kwa bei ya haki. Montalcino nenda Il Poggione kwa sura ya kusini, au Costanti ukitaka wembamba na maua.

Ukitaka kwenda mwenyewe

Langhe imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2014, na Val d'Orcia, ambayo sehemu ya Montalcino imo ndani yake, tangu 2004. Kwa asiye na gari Langhe ni rahisi kidogo, kwani Alba ina treni kutoka Torino, ingawa vijijini utahitaji basi au miguu. Montalcino haina kituo cha treni. Unapanda basi kutoka Siena. Kasri la Barolo lina jumba la makumbusho ya mvinyo na duka la kuonjea chini yake. Ngome ya Montalcino, ya karne ya 14, nayo ina duka lake ndani ya kuta, na kilomita chache kusini kuna abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Sant'Antimo iliyozungukwa na mizeituni. Aliye na wiki moja tu na anasafiri na watu wasiojali sana mvinyo aende Montalcino, kwa kuwa Siena na vilima vya Orcia vitawatosha wote. Anayekwenda kwa ajili ya glasi aende Langhe, Oktoba au Novemba, wakati wa soko la uyoga la Alba, na aweke miadi na wazalishaji wiki kadhaa kabla, kwa sababu nyumba nyingi ni za familia na mwenye kukumiminia huenda ndiye aliyekuwa shambani asubuhi.